Rupia mbili mbili za wafugaji wa Gujarat na sarafu ya binamu yangu

Wiki kama mbili zilizopita binamu yangu wa Tanga kanijia na kitu kakifunga kwenye leso, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayeonesha pete ya posa. Nafungua, sarafu. Kubwa kuizidi ile mia mbili yetu, rangi ya dhahabu, upande mmoja kamera ya kizamani yenye magurudumu mawili ya mkanda juu kama masikio, upande wa pili jahazi limepandisha tanga na maneno yamezunguka ukingoni. Nikaipimapima mkononi, nyepesi, zinki iliyopakwa rangi hiyo. Nikaisoma vizuri, palipotakiwa kuandikwa MDHAMINI pameandikwa MDHAMNI. Nikamwonesha. Akanyamaza kidogo halafu akasema hiyo sampuli tu kaka, watarekebisha.

Mpango wake ni hivi. Anataka kutengeneza filamu ya saa moja na nusu kuhusu wavuvi wa kwetu, hana mfadhili, hana kituo cha televisheni nyuma yake, kwa hiyo atauza sarafu za kumbukumbu, chache, kila moja na namba yake, mtu ananunua sarafu na faida inaingia kwenye filamu. Na chini ya jahazi alitaka waongeze "SH 50,000" ili kila mtu aijue bei bila kuuliza. Hiyo nilimkataza palepale kabla hata sijaelewa mpango wenyewe, kwa sababu kutoa sarafu yenye thamani ya shilingi ni haki ya Benki Kuu peke yake, na we ukigonga chuma cha duara chenye neno shilingi na namba halafu ukawa unakiuza mtaani, siku utakapoelezea kwamba ni zawadi ya filamu utakuwa unaelezea ukiwa umeshika mkanda wa suruali mkononi.

Ila sikumcheka. Wazo la kuuza sarafu ili kupata hela ya jambo siyo la kijinga wala siyo geni hapa. Mwaka 1974 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu tatu za uhifadhi, ya fedha ya shilingi 25 ina twiga, ya fedha ya shilingi 50 ina kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1500 ina duma. Ulikuwa mpango wa nchi nyingi pamoja na WWF na IUCN, mashirika ya kimataifa ya uhifadhi, wakusanyaji sarafu wa nje wananunua kwa bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa, na sehemu ya mapato inakwenda kwenye uhifadhi wa wanyama. Ikafanya kazi. Sasa ukimsikia mtu anasema sarafu zinaweza kuchangisha, ana hoja, swali ni zinachangisha nini, kwa nani, na kwa idadi gani.

Nikamwambia kabla sijakujibu ngoja nikupe kisa kimoja cha filamu iliyochangiwa na watu laki tano, na hakuna hata mmoja aliyepewa sarafu, wao ndo walitoa sarafu. Akasema wapi huko? Nikamwambia India, 1976.

Filamu inaitwa Manthan, maana yake ni kule kusukasuka maziwa mpaka yatoe siagi. Mwongozaji Shyam Benegal. Ilitengenezwa kwa hela za wafugaji 500,000 wa jimbo la Gujarat, kila mmoja rupia 2, jumla rupia milioni moja. Mwanzoni kabisa mwa filamu inaandikwa kwamba walioileta ni wafugaji 500,000 wa Gujarat. Siyo studio, siyo tajiri mmoja na wanawe.

Na hapa niweke kando kitu kidogo maana watu wakisikia Gujarat wanaona mbali. Maziwa haya yanaanzia mji wa Anand, wilaya iliyokuwa inaitwa Kaira, eneo la Charotar, na huko huko Charotar ndo asili ya Mapatel wengi waliovuka bahari kuja Mombasa, Kampala na Dar. Rupia yenyewe ilikuwa hela yetu kabla ya shilingi, Zanzibar waliitumia mpaka 1936, bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema "sina hata rupia" na hajawahi kuishika. Kwa hiyo hiki kisa kwangu ni cha majirani.

Sasa nirudi nyuma kidogo maana bila hii sehemu kisa hakieleweki. Miaka ya arobaini wafugaji wa Kaira walikuwa na maziwa na hawana sauti, kampuni moja binafsi ilikuwa imepewa haki peke yake ya kukusanya maziwa ya kupeleka Bombay, bei inapanga yenyewe, katikati kuna madalali. Wafugaji wakagoma, maziwa yakamwagwa, na mwaka 1946 wakaanzisha umoja wao wa ushirika chini ya Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 akaletwa Anand kijana mmoja mhandisi, Verghese Kurien, amesomeshwa Marekani na serikali na analazimika kuitumikia, hapapendi, anahesabu siku aondoke. Hakuondoka. Umoja ule ndo huu unaojulikana kwa jina la Amul, na mwaka 1970 ukaanza mpango wa taifa wa kueneza mfumo wa Anand India nzima.

Benegal alitokea kwenye matangazo ya biashara, na alikuwa ametengeneza filamu fupi za maelezo kuhusu mpango huo wa maziwa. Alivyoona yeye ni kwamba filamu za maelezo zinatazamwa na watu ambao tayari wameshaamini, ukitaka kumfikia mtu wa kawaida mpe hadithi, mpe filamu kamili yenye mapenzi na ugomvi ndani yake. Kurien akakubali. Hela? Filamu itahitaji kama rupia milioni moja hivi, na filamu yenyewe inahusu ushirika wa wafugaji, nani tajiri wa sinema za nyimbo na ngumi ataweka hela yake kwenye nyati wa maziwa na ndoo? Ndipo Kurien akaja na lile wazo, tuna wafugaji laki tano wanaotuletea maziwa, kila mmoja akitoa rupia mbili basi. Benegal mwenyewe aliisimulia mara nyingi, kwamba wafugaji walikubali asubuhi moja kulipwa rupia mbili pungufu kwenye maziwa yao, na filamu ikawa imepata mtaji.

Binamu akasema aisee, basi na mimi nitafute watu laki tano. Hapo ndo nikamsimamisha, kwa sababu kila mtu anayesikia hiki kisa anashika ile laki tano na anaacha kitu chenye uzito.

Angalia maziwa yanavyokusanywa kwenye ushirika wa namna ile. Alfajiri na jioni, kila siku, mara mbili, mwanamke anatoka kwake na ndoo, anapanga foleni kwenye kituo cha kijiji. Maziwa yanapimwa wingi, yanachukuliwa kidogo kwenye kichupa, yanapimwa mafuta, maana bei inaenda na mafuta, nyati wa kufugwa ana mafuta mengi kuliko ng'ombe. Karani anaandika kwenye kitabu cha ushirika na kwenye kijitabu cha mfugaji. Halafu analipwa, taslimu, hela ndogondogo, kila siku au baada ya siku chache. Kijiji kina chama chake, vyama vya vijiji vinaunda umoja wa wilaya, na umoja wa wilaya tangu 1973 uko chini ya shirikisho la jimbo zima. Yaani njia ya hela ilikuwepo tayari kutoka Anand mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa mfugaji, na inapitwa mara mbili kwa siku. Kilichofanyika 1976 ni kuigeuza ile njia siku moja tu. Badala ya hela kuteremka, rupia mbili zikabaki juu.

Gharama ya kukusanya ile milioni ilikuwa ndogo mno, hakuna kampeni, hakuna stempu, hakuna karani mpya, hakuna kumfuata mtu nyumbani. Hebu fikiria ungetaka kuzikusanya rupia mbili mbili kutoka kwa watu laki tano wasiofahamiana, kwa kuwatembelea. Nauli ingemaliza mchango kabla hujafika kijiji cha pili. Sisi leo tuna hela za simu, ni kweli, mtu anatuma akiwa amelala, lakini hata hiyo ina makato yake na zaidi ya makato ina kazi ya kumshawishi mtu mmoja mmoja afungue simu, aingize namba, aweke siri, abonyeze. Watu mia mbili wa grupu la harusi unawajua tabu yao, wiki ya tatu mweka hazina bado anawataja kwa majina, na hiyo ni harusi ya mtu wanayemjua.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya sarafu, nilimchorea nyuma ya risiti. Rupia 2 za 1976 ni kama senti 22 za dola, dola moja ilikuwa karibu rupia 9. Ukimpa kila mfugaji sarafu ya kumbukumbu, hata ya bati, ile sarafu ingekula rupia mbili zake zote na pengine kudai nyongeza. Kwa hiyo kwenye mchango mdogo wa watu wengi zawadi ya kushikika haina nafasi kabisa, hesabu inakataa. Upande wa pili weka kampeni ya kuchangisha hela za filamu ya Veronica Mars ya 2013 huko Marekani, watu 91,585 walitoa dola 5,702,153, gawanya unapata kama dola 62 kwa kichwa. Kwenye dola 62 unaweza kumpa mtu fulana, diski, bango, hata sarafu, na bado ukabakiwa na hela ya filamu. Lakini angalia na wale walikuwa nani, mashabiki wa kipindi cha televisheni kilichokwishaoneshwa miaka mitatu, walikuwa wanamjua mhusika kama jirani yao. Binamu hana hao.

Kwa hiyo sarafu ni ya watu wachache wanaotoa kikubwa. Kutengeneza sarafu kuna gharama ambayo haijali umeuza ngapi, ule muhuri wa chuma wa kugongea, wa mbele na wa nyuma, unalipa mara moja hata ukigonga sarafu hamsini. Halafu kiwandani wanakuwekea idadi ya chini ya oda. Halafu vijiboksi, maana sarafu ya kumbukumbu bila kiboksi chenye kitambaa ndani ni kifungo cha koti tu. Halafu mzigo, ushuru, posta. Halafu makosa kama ya MDHAMNI, ambayo ukiyakuta baada ya kugonga mia tano basi una wadhamni mia tano. Hela zote hizo zinatoka kabla mtu hajashika kamera, na ndo kosa la mipango mingi ya zawadi niliyowahi kuiona, mtengeneza filamu anajikuta ameingia biashara ya vifaa, miezi sita anafunga vifurushi, hadithi yake imelala.

Na kuna neno alilitumia binamu nikamwambia hilo usilirudie kwa mtu, alikuwa anawaambia watu sarafu "itapanda bei". Ukiuza kitu kama ukumbusho ni ukumbusho, ukianza kumwahidi mtu faida umeshauza uwekezaji, na uwekezaji una wenyewe wanaousimamia, Kenya mwaka 2022 walitunga kabisa kanuni za uchangishaji wa kiuwekezaji chini ya mamlaka yao ya masoko ya mitaji. Na pia siyo kweli. Sarafu inayopanda bei haijui kwamba itapanda. Ile ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, Wajerumani waliigonga kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kwa sababu vita viliwafungia bahari na hela zimewaishia. Hakuna aliyekaa pale Tabora akapanga kuwafurahisha wakusanyaji. Leo wanaigombania kwa sababu ya kile kilichotokea kuizunguka. Kuna na hii, mwaka huohuo 1976 serikali ya India yenyewe ilikuwa inagonga sarafu za kumbukumbu za mpango wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zenye maneno ya chakula na kazi kwa wote, nzuri kabisa, za wakusanyaji. Na iliyotengeneza filamu ya maziwa ni rupia ya kawaida iliyochakaa kwenye kibindo.

Hapa sasa ndo pagumu, na nimeona wengi wanaosimulia Manthan wanaparuka. Wale wafugaji walichangia au walikatwa?

Mi nimekulia kwenye habari za makato. Mjomba alikuwa mkulima wa korosho, kila msimu anarudi na karatasi ya malipo ina orodha ya makato, ushirika, usafiri, magunia, kitu fulani cha wilaya, anaisoma kwa sauti mstari kwa mstari halafu anaikunja. Kwa hiyo nikisikia "kila mfugaji alitoa rupia mbili kupitia ushirika" masikio yananisimama. Wazo lilitoka juu kwa Kurien, siyo kwa mama mwenye nyati wawili, na kwenye foleni ya maziwa wakati majirani wote wanaachia rupia mbili, yule anayesema mimi hapana anahitaji kifua. Sidhani kila mmoja kati ya laki tano aliamka na hamu ya sinema.

Ila kuna vitu viwili vinanifanya nisiuite unyang'anyi. Cha kwanza, ushirika ule ulikuwa wao na ulikuwa unalipa, kila siku mbele ya macho, kwa kipimo anachokiona. Mtu aliyekulipa sawasawa asubuhi na jioni miaka nenda rudi akikwambia leo niachie rupia mbili, humsikilizi kama unavyomsikiliza yule aliyekukopa korosho ya mwaka juzi. Imani ilikuwa imeshawekwa benki, Kurien akaenda kutoa. Cha pili, ilikuwa mara moja, kiasi kimoja kwa wote, kwa kazi moja yenye jina, na kazi ikaonekana.

Na walilipia nini hasa? Hapo Benegal anastahili heshima yake, maana angeweza kuwatengenezea tangazo la saa mbili. Hadithi ni ya daktari wa mifugo, Rao, anayeigizwa na Girish Karnad, anafika kijijini na timu yake kuanzisha ushirika. Anakuta tajiri wa maziwa anayewapunja watu, anaigizwa na Amrish Puri, anakuta mwenyekiti wa kijiji anayetaka ushirika uwe mali yake, na anakuta Wadalit, wale wa chini kabisa walioitwa wasioguswa, ambao hawamwamini mgeni yeyote, kiongozi wao Bhola ni Naseeruddin Shah, na Bindu ni Smita Patil, mwanamke ambaye ukimwangalia anavyomtazama daktari unajua kila kitu na hawajasema neno. Mwenyekiti anashindwa uchaguzi wa ushirika na mtu wa tabaka la chini, na kijiji kinachafuka. Mwisho daktari anahamishwa, anaondoka, kazi haijaisha. Yaani wafugaji walilipia filamu inayoonesha aibu za kijiji chao wenyewe, nani anakaa wapi, nani hachoti maji wapi, na kwamba ushirika unaweza kutekwa na wakubwa mchana kweupe. Ni wafadhili gani wa kwetu wangekubali hilo? Mfadhili wa kwetu anataka nembo yake ionekane na kijiji kiwe kinacheka.

Walipigia picha kijijini karibu na Rajkot, siku kama 45. Mwandishi wa mswada Vijay Tendulkar, mpiga picha Govind Nihalani, na wimbo wake alioimba Preeti Sagar ukaja kutumika miaka kibao kwenye matangazo ya Amul, hata asiyeijua filamu anaujua wimbo. Naseeruddin alikaa kwenye kibanda, akajifunza kukamua nyati na kutengeneza vile vigae vya samadi vya kuwashia moto. Haya mambo hayakuhitaji hela nyingi, ndo maana milioni moja ilitosha.

Halafu ikatoka, wakaanzia Gujarat kwenyewe. Na sasa ile laki tano ikaonesha kazi yake ya pili, ambayo naona ni kubwa kuliko ya kwanza. Wafugaji walikuja kuiangalia kwa malori na mikokoteni, kijiji kizima na watoto, wakanunua tiketi kuangalia filamu yao. Sikiliza vizuri, walishailipia wakati inatengenezwa, wakailipia tena mlangoni. Mtu uliyemuuzia sarafu ana sarafu, ameshapata chake, filamu ikitoka anaweza kuja na anaweza asije. Mtu aliyetoa rupia mbili bila kupewa kitu bado anadai, na anachodai ni kuiona. Deni lile ndo lilijaza kumbi. Filamu ikafidia gharama, ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kihindi na Tendulkar tuzo ya mswada, na India ikaipeleka kushindania Oscar.

Na haikuishia kumbini. Kurien alizitoa kopi za mkanda mwembamba, zile za milimita 16, zikapelekwa vijiji vya majimbo mengine na watu watatu, daktari wa mifugo, fundi wa maziwa na mtaalamu wa malisho, yaani timu kama ileile ya kwenye filamu. Mnaangalia usiku, asubuhi mnaanza kuongelea ushirika. Hapo ndo unajua shirikisho lilikuwa linanunua nini kwa ile hela.

Swali la mali ya nani binamu aliliuliza mwenyewe, akasema je walipata gawio? Mfugaji mmoja mmoja hakuwa na hisa ya filamu mfukoni, mtayarishaji ni shirikisho, kilichoingia kiliingia kwenye ushirika ambao ni wao. Mtu anaweza kulalamika hapo, na mi naona ana haki ya kulalamika. Ila fikiria mbadala wake, kugawanya faida ya filamu kwa watu laki tano, daftari tu la kuandika nani kapata paisa ngapi, zile senti za rupia, lingezidi faida.

Faida ya kuwa na mwenyewe anayedumu ilionekana baadaye. Filamu nyingi za enzi ile zimeoza, kampuni imekufa, mtayarishaji kafariki, negativu, ile mikanda ya asili iliyopigiwa picha, ziko stoo ya mtu asiyejua ni nini. Negativu ya Manthan nayo ilikuwa imechakaa, ilibidi sauti waitoe kwenye kopi ya kuoneshea iliyokuwa imetunzwa na Film Heritage Foundation, taasisi ya India ya kuhifadhi filamu. Hao Film Heritage Foundation ndo waliosimamia kazi ya kuifufua, ikafanyika Chennai na Bologna, Benegal na Nihalani wakiwa bado hai kusema rangi hii siyo, ile ndiyo. Na nani alishirikiana nao? Shirikisho lilelile la maziwa. Mei 2024 ikaoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Naseeruddin yupo kwenye zulia, na mwanzoni mwa Juni, wakati wa siku ya maziwa duniani, ikarudi kumbini India. Benegal alifariki Desemba mwaka huohuo.

Binamu kakaa kimya muda, anaizungusha sarafu yake mezani kama pia. Akauliza, kwa hiyo sarafu niache? Nikamwambia usiiache, iweke mahali pake. Gonga chache, thelathini, hamsini, za shaba nzito siyo hii zinki, bila neno shilingi, bila nembo ya taifa, bila kuahidi itapanda, uwauzie wale watu wako wa Muscat na London na Toronto wenye asili ya Tanga ambao laki tatu laki nne kwa kitu cha kwao haiwaumi, na usiigonge kabla hawajalipa. Hiyo italipia labda kamera na sauti. Lakini filamu yako ni ya wavuvi, na wavuvi wako sarafu hawaihitaji. We umeshaenda mnadani asubuhi?

Maana ukiangalia, sisi maziwa yetu ni samaki. Kila asubuhi mashua zinaingia, samaki wanamwagwa, dalali anapiga mnada, karani anaandika, hela zinagawanywa palepale, mwenye chombo chake, nahodha wake, mabaharia wao, na kuna kamati na kuna daftari. Siyo Anand, vyama vyetu vina historia yao na wazee wana makovu, lakini njia ya hela ipo na inapitwa kila siku. Nikamwambia nenda ukakae pale wiki nzima bila kuomba kitu.

Kaenda. Juzi kanipigia, anasema alikaa siku nne, ya tano ndo akawaeleza kamati, kwamba kila chombo kiache kiasi kidogo siku moja tu, mara moja, na jina la chombo liandikwe mwanzoni mwa filamu. Akawaonesha na ile sarafu. Mzee mmoja akaishika, akaigeuza, akamrudishia bila kusema kitu kuhusu MDHAMNI, labda hakuona, labda aliona. Akamuuliza swali moja tu, hiyo sinema yenyewe mtatuonesha wapi, hapahapa ufukweni au mpaka tupande daladala?

Binamu anasema hakuwa na jibu. Sasa hivi anatafuta projekta.